Asili na Maana za Neno "Help": Majibu kwa Wasomaji

Barua kadhaa zilizofika katika safu hii zimeuliza kuhusu neno moja la Kiingereza, neno fupi la silabi moja ambalo hata asiyejua lugha hiyo huwa amelisikia: "help". Wapo waliouliza lilikotoka, wapo waliokwama katika matumizi yake, na msomaji mmoja ameleta swali la ndoa na Maandiko ambalo nimelipa nafasi kubwa kwa sababu linagusa maisha ya watu. Nimeyapanga maswali hayo kwa namna ambayo jibu la moja litaangaza linalofuata, kwa kuwa nasadiki kwamba matumizi ya neno hili yanayoonekana kuwa ya ajabu yametoka katika maana moja ya kale, na mwenye kuishika maana hiyo hatalazimika kukariri kila tungo peke yake.

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wamezoea kusikia kwamba maneno mengi ya Kiingereza yametoka katika Kilatini, nao wameniuliza kama "help" pia ni mojawapo. Naomba ufafanuzi.

Jibu: Hapana, mwalimu. "Help" ni neno la asili ya Kiingereza chenyewe, na lilikuwamo katika lugha hiyo kabla Wanormani, watu wa Normandy kaskazini mwa Ufaransa, hawajaivamia Uingereza mwaka 1066 na kuleta maelfu ya maneno ya Kifaransa na Kilatini. Katika Kiingereza cha Kale kitenzi kilikuwa "helpan", na nomino ilikuwa "help" kama ilivyo leo. Ndugu zake wametapakaa katika lugha zote za Kigermaniki: Waholanzi husema "helpen", Waswidi "hjälpa", Wadenmaki "hjælpe", na Wajerumani "helfen". Hiyo "f" ya Kijerumani isiwatatize wanafunzi wako. Katika karne za mwanzo za zama za kati, sauti "p" ya lahaja za kusini mwa Ujerumani iligeuka kuwa "f" au "pf" katika maneno mengi, na ndiyo maana meli ambayo Mwingereza huiita "ship" Mjerumani huiita "Schiff".

Ushahidi wa kale sana wa neno hili katika maandishi marefu umo katika tafsiri ya Biblia kwa Kigothi, lugha ya Kigermaniki iliyokwisha kufa, iliyofanywa na Askofu Wulfila katika karne ya 4, ambamo kitenzi ni "hilpan". Lilitumika pia katika majina ya watu. Wafalme wa Wafaranki, kabila la Kigermaniki lililoitawala Ufaransa ya kale, walioitwa Chilperic, ambao mmoja wao aliuawa mwaka 584, walibeba jina lililoundwa kwa neno la msaada na neno la utawala. Tukitoka nje ya familia ya Kigermaniki, ndugu wa neno hili ni wachache mno, na anayetajwa mara nyingi ni kitenzi cha Kilithuania "šelpti", chenye maana ya kusaidia na kuruzuku.

Kuna jambo lingine ambalo wanafunzi wa juu watalifurahia. Zamani kitenzi hiki hakikuchukua "-ed" katika wakati uliopita, bali kilibadili irabu yake ya ndani kama "sing" inavyogeuka kuwa "sang" na "sung". Mwingereza wa kale alisema "healp" kwa mtu mmoja aliyesaidia, "hulpon" kwa wengi, na "holpen" kwa aliyesaidiwa. Taratibu umbo la kawaida la "helped" likashinda, lakini ushindi huo ulichukua karne nyingi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia "holpen" katika Luka 1:54, mahali ambapo Biblia ya Kiswahili inasema "Amemsaidia Israeli, mtumishi wake", ilhali katika 1 Samweli 7:12 Biblia hiyohiyo inatumia "helped". Shakespeare alitumia "holp", na umbo hilo limeendelea kusikika katika lahaja za milimani kusini mwa Marekani hadi nyakati za karibuni. Kijerumani hakikubadilika: hadi leo ni "half" na "geholfen". Kwa hiyo mwanafunzi akikutana na "holpen" katika maandishi ya kale, mwambie kwamba hilo si kosa la uchapaji, ni umbo kongwe kuliko lile analofundishwa.

Swali: Ninajifunza kazi ya kutafsiri. Nimekutana na sentensi "I couldn't help laughing" na nyingine "It can't be helped". Nikitafsiri neno kwa neno, ya kwanza inakuwa "sikuweza kusaidia kucheka", na hiyo haina maana yoyote. Msaada umeingiaje hapo?

Jibu: Swali hili ndilo lililo katikati ya mada yetu yote, na jibu lake linaanzia mbali kidogo.

Katika Kiingereza cha Kale "helpan" haikuishia katika kumwongezea mtu nguvu ya kufanya jambo. Ilikuwa pia na maana ya kumfaa mtu, kutengeneza kilichoharibika, na kuponya. Tuichukue sentensi ambayo wasomaji wengi wanaijua, kilio cha baba wa kijana mgonjwa katika Marko 9:24: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Kiingereza cha mwaka 1611 kinasema "help thou mine unbelief". Kama kusaidia kungekuwa ni kukipa nguvu kile kinachosaidiwa, baba huyo angekuwa anaomba kutokuamini kwake kuzidi. Hakuna msomaji anayeielewa sentensi hiyo hivyo, kwa sababu sote tunahisi kwamba anaomba kutokuamini kwake kuondolewe, kutibiwe. Matumizi haya yalikuwa ya kawaida kabisa: vitabu vya Kiingereza vya dawa za mitishamba vya karne ya 17 husema kila mara kwamba mmea fulani "helpeth" kikohozi au maumivu ya jino, yaani huyatuliza na kuyaondoa. Hata leo Mwingereza mwenye kichwa kinachouma husema kwamba dawa "helps a headache", wala hakuna anayedhani kwamba dawa hiyo inashirikiana na maumivu.

Kutoka hapo hatua zilizobaki ni fupi. Kinachoweza kutibiwa kinaweza kuondolewa, kinachoweza kuondolewa kinaweza kuzuiwa, na kinachoweza kuzuiwa kinaweza kuepukwa. Kiingereza kimepita njia hiyo yote, na ndiyo maana "help" baada ya "can't" na "couldn't" huwa na maana ya kuzuia au kuepuka. "I couldn't help laughing" ni "nilishindwa kujizuia kucheka". "I can't help it" ni "haiko katika uwezo wangu" au "siwezi kujizuia", kulingana na muktadha. "Not if I can help it" ni maneno ya mtu anayesema kwamba jambo hilo halitatokea maadamu ana uwezo wa kulizuia. Na "It can't be helped" ina tafsiri ya Kiswahili iliyo karibu kuliko wengi wanavyofikiri, kwa kuwa sisi pia tumepita katika mlango uleule wa tiba tunaposema kwamba jambo "halina dawa". Mfasiri anayeandika "ndiyo hali, halina dawa" ameifikia maana ya Kiingereza pamoja na asili yake.

Naomba uangalie tofauti ya "I can't help it" na "I can't help you", kwa maana imeleta ugomvi usio wa lazima kati ya watu wanaohudumiana kwa Kiingereza. Ya pili ni kukiri, kwa upole au kwa ukali, kwamba msemaji hawezi kukusaidia. Ya kwanza haizungumzii msaada kwako hata kidogo, bali inasema kwamba jambo lililotokea halikuwa katika uwezo wa msemaji kulizuia. Aliyechelewa kwa sababu ya mvua akisema "I couldn't help it", anaeleza udhuru wake, na anayesikia kwamba amekataliwa msaada amesikia kitu ambacho hakikusemwa.

Kwa upande wa sarufi, kitenzi kinachofuata "can't help" katika maana hii huchukua "-ing". Utakutana pia na "I can't help but laugh", ambayo imechanganya tungo mbili za zamani, "I cannot but laugh" na "I cannot help laughing". Wapo wanasarufi walioilaumu kwa muda mrefu, lakini imeenea kwa waandishi wazuri kiasi kwamba sioni sababu ya kumkataza mtu kuitumia.

Swali: Mtoto wangu alipunguziwa alama kwa kuandika "He gave me many helps". Kwa Kiswahili tunasema "misaada mingi". Amekosea wapi?

Jibu: Katika Kiingereza cha leo nomino hii haihesabiki. Husemwa "a lot of help" au "much help", bila wingi. Neno "a" hukubalika mbele yake pale ambapo mtu au kitu chenyewe ndicho kilichokuwa msaada, kama katika "You have been a great help", lakini "he gave me a help" haisemwi. Mwalimu alikuwa na haki ya kusahihisha, ingawa mtoto apewe faraja kwamba wingi huo uliwahi kuwapo: Biblia ya mwaka 1611 inaandika "helps" katika 1 Wakorintho 12:28, mahali ambapo Kiswahili kina "masaidiano".

Kwa kuwa umeleta suala la sarufi, niongeze kwamba "help me carry this" na "help me to carry this" zote ni sahihi. Wamarekani hupendelea ya kwanza, na Waingereza wanazidi kuwafuata. Kinachopaswa kuepukwa ni "help me carrying this", kwa sababu ile "-ing" ni ya maana ya kujizuia tuliyoieleza hapo juu.

Swali: "Help", "aid", "assist" na "support" zote kwa Kiswahili nimefundishwa kuwa ni "saidia". Kwa nini lugha moja ihitaji maneno yote haya, na je, tofauti zake ni za kweli?

Jibu: Tofauti ni za kweli, na nyingi zinatokana na historia. "Help" ni neno la nyumbani, nalo ndilo linalomtoka mtu anapozama majini. Hayo mengine yaliingia kwa mkono wa watawala, makasisi na makarani waliotumia Kifaransa na Kilatini, na hadi leo yamebaki na harufu ya ofisi na nyaraka.

"Aid" imetoka katika Kifaransa cha kale, ambacho kiliipata kutoka kitenzi cha Kilatini "adiutare". Historia yake ina jambo ambalo msomaji wa leo huenda hakulitarajia, kwani chini ya mfumo wa ukabaila wa zama za kati "aid" ilikuwa malipo ambayo mtu wa chini alimtolea bwana wake. Hati ya Magna Carta ya mwaka 1215, iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme wa Uingereza, iliyoandikwa kwa Kilatini na kuyaita malipo hayo "auxilium", ilimzuia mfalme kuyatoza bila ushauri wa pamoja wa ufalme, isipokuwa kwa mambo matatu: kumkomboa mfalme mwenyewe akitekwa, kumfanya mwanawe mkubwa kuwa mwanajeshi wa heshima, na kumwoza binti yake mkubwa kwa mara ya kwanza. Msaada, kwa maneno mengine, ulipanda kutoka kwa mnyonge kwenda kwa mwenye nguvu. Leo neno hilohilo linatumika hasa kwa msaada wa kitaasisi unaoteremka kutoka kwa mwenye nacho, kama misaada ya serikali kwa serikali au chakula cha wakimbizi, na linatumika pia katika "first aid", huduma ya kwanza.

"Assist" inatokana na Kilatini "assistere", kusimama karibu na mtu. Wafaransa wameihifadhi maana hiyo, kwani kwao "assister à" jambo ni kuhudhuria tu, na mfasiri asiyejua hilo atamsifu mtu kwa msaada ambao hakuutoa. Katika Kiingereza "assist" humfaa yule anayemsaidia mwenye kazi bila kuichukua kazi yenyewe, kama muuguzi anayemsaidia daktari wakati wa upasuaji. "Support" ni kubeba kutoka chini, nayo hutumika kwa nguzo inayoshikilia paa, kwa mzazi anayeikimu familia, na kwa rafiki anayekuwa upande wako hata asipofanya kitu cha kuonekana. "Relieve" ilianza kama kuinua tena kilichoanguka au kupunguza uzito. Ipo pia "succour", neno la kifasihi ambalo sasa ni nadra, lililotoka katika Kilatini "succurrere", kumkimbilia mtu. Kigiriki kina wazo kama hilo, kwani kitenzi kilichotumika katika kile kilio cha Marko 9:24 kimeundwa kwa neno la ukelele na neno la kukimbia: anayesaidia ni yule anayekimbilia kelele.

Kiswahili nacho kina historia yake. "Saidia" na "msaada" zimetoka katika Kiarabu, na shina lake ni lile lililotupa jina la Saidi, lenye maana ya heri na furaha. Lakini "help" yenyewe haikuhifadhi picha yoyote ya kusimama, kukimbia wala kubeba. Nadhani ndiyo sababu imeweza kutumika kwa kila hali, kuanzia kuokoa roho hadi kufunga vifungo vya shati.

Kwa matumizi ya kila siku, ukiwa na shaka chagua "help". Barua rasmi haiharibiki kwa neno hilo, ilhali mazungumzo ya kawaida huwa mazito mtu anaposema "assist me" kila mara akidhani ndiyo adabu.

Swali: Katika mafundisho ya ndoa niliyohudhuria, mhubiri alitumia neno "helpmeet" la Biblia ya Kiingereza, akatuambia wanawake kwamba maana yake ni mtumishi wa mume. Je, ndivyo neno hilo linavyosema?

Jibu: Dada yangu, sivyo. Naomba uvumilie maelezo marefu, kwa kuwa neno hili limezaliwa kutokana na kusoma vibaya.

Biblia ya mwaka 1611 haina neno "helpmeet". Katika Mwanzo 2:18 kuna maneno "an help meet for him", na hayo ni maneno yanayojitegemea. "An help" ni msaidizi. "Meet" ni kivumishi cha kale chenye maana ya kufaa, kustahili, kulingana, wala hakihusiani na kukutana. Sentensi nzima inasema "msaidizi anayemfaa", na Biblia ya Kiswahili imeitafsiri vizuri sana: "nitamfanyia msaidizi wa kufanana naye". Kadiri kivumishi hicho kilivyosahauliwa, wasomaji wakaanza kuyaona maneno "help" na "meet" kama neno moja. Katika karne ya 17 mshairi John Dryden tayari aliandika "help-meet" kwa kistari, na karne iliyofuata watu waliojaribu kulipa neno hilo maana inayoeleweka wakaunda "helpmate", kwa kuwa "mate" ni mwenzi. Kwa hiyo "helpmeet" na "helpmate" zote mbili zimetokana na kosa la wasomaji, ingawa sasa zimo katika kamusi.

Tukirudi kwenye Kiebrania, neno lililotafsiriwa "msaidizi" ni "ezer", na hilo ndilo linalopaswa kuliamua suala la utumishi. Katika Agano la Kale neno hilo hutumika mara nyingi zaidi kwa Mungu mwenyewe kuliko kwa mtu yeyote. Zaburi ya 121 inapouliza "Msaada wangu utatoka wapi?" na kujibu "Msaada wangu u katika Bwana", neno la Kiebrania ni lilelile. Limo katika jina la Eliezeri, mwana wa Musa, na katika Ebenezeri, jiwe la msaada ambalo Samweli alilisimamisha katika kile kisa cha 1 Samweli 7:12 nilichokitaja juu. Neno linalolifuata katika Mwanzo, "kenegdo", lina maana ya aliye mbele yake, anayemkabili, aliye sawa naye. Hakuna neno la utumwa wala la utumishi katika aya hiyo, na Kiebrania kina maneno yake mengine ya mtumishi ambayo mwandishi hakuyatumia.

Namna mume na mke wanavyogawana majukumu ni jambo ambalo makanisa hulifundisha kwa njia tofauti, na safu ya lugha haina mamlaka juu yake. Lakini mafundisho yakijengwa juu ya neno, basi neno hilo lisomwe lilivyoandikwa, na mwanamke asibebeshwe unyonge ambao Maandiko hayakuuandika.

Swali: Katika filamu za Kimarekani nasikia wafanyakazi wa nyumbani wakiitwa "the help". Je, hilo ni neno la heshima?

Jibu: Lilianza kama neno la heshima, na leo halina heshima hiyo. Katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika ya Kaskazini tangu karne ya 17, mtu aliyeajiriwa kusaidia kazi za shamba au nyumba aliitwa "help". Baada ya uhuru wa mwaka 1776 wafanyakazi huru weupe walilishikilia zaidi, kwa sababu waliona kwamba "servant" halimfai raia wa jamhuri, na pia kwa sababu katika majimbo ya kusini neno "servant" lilitumika kwa watu waliofanywa watumwa. Frances Trollope, mwandishi Mwingereza aliyeishi katika mji wa Cincinnati, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1820, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1832 jinsi ilivyokuwa vigumu kumpata mtumishi wa ndani, na jinsi kumwita raia huru "servant" kulivyochukuliwa kuwa kosa dhidi ya jamhuri.

Baadaye neno hilo lilihamia kwa wafanyakazi wale ambao jamii haikuwapa heshima hiyo, wengi wao wanawake weusi, na sasa "the help" husikika kama namna ya kumtaja mtu kwa kazi yake tu, bila jina. Jina linalofaa katika maandishi rasmi ni "domestic worker", ndilo lililotumika katika Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011, na Kiswahili cha "mfanyakazi wa nyumbani" kinalingana nalo kikamilifu.

Swali: Nimemsikia mwenyeji akiwaambia wageni wake "jisaidieni", akitafsiri "help yourselves". Watu waliangaliana. Je, tafsiri sahihi ni ipi?

Jibu: Waliangaliana kwa sababu "kujisaidia" katika Kiswahili ni tasfida ya kwenda haja, na mgeni hawezi kukaribishwa mezani kwa neno hilo. Tangu karne ya 17 "help" imetumika kwa maana ya kumpakulia mtu mezani, na sehemu ya chakula anayopakuliwa huitwa "helping". "Help yourself" ni mwaliko wa kujipakulia, basi sema "karibuni mjipakulie" au "jihudumieni". Jihadhari pia na "he helped himself to the money", ambayo haina ukarimu ndani yake: maana yake ni kwamba alijichukulia fedha ambazo hakuruhusiwa kuzichukua.

Msomaji mwingine ameuliza kama msemo "God helps those who help themselves" umo katika Biblia. Haumo. Wazo hilo ni la kale, na limo katika visa vya Kigiriki vinavyohusishwa na Aesop, lakini kwa Kiingereza lilienezwa na maandishi ya mwanasiasa Mwingereza Algernon Sidney yaliyochapishwa mwaka 1698 na kalenda ya Benjamin Franklin ya mwaka 1736. Mwandishi Samuel Smiles alikifungua kitabu chake cha mwaka 1859 kwa msemo unaofanana na huo, na kichwa cha kitabu hicho, "Self-Help", ndicho kilicholipa neno hilo umaarufu wake. Kwa Kiswahili "self-help" ni "kujitegemea" au "kujiendeleza", kwa sababu ileile iliyowafanya wageni wale waangaliane.

Swali: Mimi ni baharia. Kama "help" ndilo neno la mtu aliye hatarini, kwa nini redioni hatulitumii?

Jibu: Kwa sababu "help" husemwa katika mazungumzo mengi yasiyo ya hatari, na redioni panahitajika neno lisiloweza kuchanganywa na lingine. Mwanzoni simu za upepo zilitumia alama ya SOS, iliyokubaliwa kimataifa mjini Berlin mwaka 1906 kwa kuwa mpigo wake ni rahisi kutambulika, si kwa sababu herufi zake zinasimamia maneno yoyote. Redio za sauti zilipoanza, herufi "S" haikusikika vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Frederick Stanley Mockford, afisa wa redio katika uwanja wa ndege wa Croydon karibu na London, alipendekeza "mayday", kwa kuwa ndege nyingi za hapo zilisafiri kwenda na kutoka Paris, na neno hilo linatamkwa kama Kifaransa "m'aider", kunisaidia. Mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Washington mwaka 1927 ukalikubali. Hutamkwa mara 3 mfululizo, kisha hutajwa jina la chombo, mahali kilipo, aina ya hatari na idadi ya watu waliomo.